Mwalimu na Majina Yake: Historia Fupi kutoka Maniema ya Kusini

Katika nchi ya Wamaza, upande wa Kasongo na Kabambare, watu watatu huitwa kwa jina moja: anayesomesha Kurani, katekista wa kanisa na mfundishaji wa shule ya msingi. Wote ni walimu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jambo hilo si la bahati. Kila shule mpya iliyoingia Maniema ililirithi jina hilo kutoka kwa ile iliyoitangulia, hata pale ilipoikana.

Tuanze na umbo la neno. Mwalimu latokana na muallim la Kiarabu, lenye mzizi mmoja na elimu, mtaalamu na ulamaa. Silabi mu- ni kiambishi cha Kiarabu, lakini Waswahili waliisikia kama kiambishi cha ngeli ya watu, ndipo wingi ukawa walimu. Zamani jina hilo halikuwa la darasani peke yake. Rubani aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Bara Hindi mwaka 1498 Wareno walimwita malemo, nalo ni neno lilo hilo. Mwalimu alikuwa mtu ajuaye njia.

Kando ya neno hilo lipo shina la Kibantu lililozaa kufunda, kufundisha, mwanafunzi, mfundishaji na fundi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 humweleza fundi kuwa mjuzi wa kazi awezaye kumfunza mwingine. Siku hizi twamfikiria seremala au mshona nguo, tukasahau kwamba naye ana wanafunzi. Basi mwalimu alishika kitabu, fundi akabaki na kazi ya mikono.

Neno mwalimu lilifika Kasongo na misafara ya pwani. Katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliufanya mji huo kuwa kituo kikuu cha biashara ya pembe na watumwa. Msafara uliobeba minyororo ulibeba pia chuo, neno ambalo wakati ule lilikuwa na maana ya kitabu, na vilevile mahali pa kusomea Kurani. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliuteka Kasongo mwezi wa Aprili 1893. Watawala wa Kiarabu waliondoka, walimu walibaki.

Mwaka 1906 mapatano kati ya Dola Huru na Vatikani yaliwapa wamisionari Wakatoliki ardhi ili wafungue shule. Misheni ilishindana na Uislamu, lakini katekista aliyetumwa vijijini aliitwa mwalimu. Shule za serikali zisizo za dini zilipoanza kufunguliwa kwa watoto wa Kiafrika mwaka 1954, jina lilikuwa limekwisha kukaa. Kifaransa kilileta metre kwa shule ya msingi na profesere kwa sekondari. Msomaji wa Tanzania atashangaa, maana kwake profesa ni cheo cha juu cha chuo kikuu.

Hata hivyo, kurithi jina si kurithi heshima. Machoni pa utawala wa kikoloni, msomi ni yule aliyejua herufi za Kilatini. Mzee aliyeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hakuhesabiwa, ingawa jina la kazi yake ndilo lililotumiwa kumpamba aliyemrithi.

Kisha mambo yaligeuka. Mishahara ya serikali ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi ndio waliobeba mzigo wa kumlipa mwalimu wa shule, kama wazee wao walivyokuwa wakimtunza mwalimu wa Kurani kwa sadaka. Katiba ya 2006 ilitamka kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni bure. Utekelezaji wake ulianza mwaka 2019. Metre na mwalimu wa chuo, waliotenganishwa na herufi, walikutana tena kwenye mkono wa mzazi.

Kwa hiyo tusiyapange mwalimu, fundi, mfundishaji, metre na profesere kama visawe tu katika orodha ya kamusi. Kila moja lina shule yake na mlipaji wake. Mtafiti wa Kiswahili cha Maniema anayesikia mtu akiitwa mwalimu hana budi kuuliza kwanza: wa chuo kipi, na nani amlishaye?