Arusha, Mji wa Mikutano

Wanafunzi wapenzi wa Karatu na Ngorongoro, leo twasoma habari za mji ulio jirani yenu, kiasi cha kilomita 140 kutoka Karatu.

Mkutano wa kimataifa ni baraza la watu waliotoka nchi mbalimbali. Zamani mabaraza hayo yalifanyika zaidi Ulaya. Hata mkutano mkuu wa tano wa Waafrika na watu wenye asili ya Afrika, mwaka 1945, ulifanyika Manchester, Uingereza. Wa sita, mwaka 1974, ulifanyika Dar es Salaam.

Arusha ilianza mapema. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, wageni walikutana huko kujadili hifadhi ya wanyama wa porini. Jambo hilo lawahusu ninyi hasa. Mwaka 1959 Wamasai wa Serengeti walikuwa wamehamishwa, na Ngorongoro ikapewa sheria yake, ili watu, mifugo na wanyama wa porini wakae pamoja.

Mwaka 1967 Arusha ikawa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Yakajengwa majumba matatu: Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Je, majumba yakawa magofu? La! Mwaka 1978 kikaundwa Kituo cha Kimataifa cha Mikutano ili kuyatumia.

Agosti 1993 Serikali ya Rwanda na chama cha RPF walitia sahihi mapatano ya amani Arusha. Hayakudumu, mwaka 1994 yakatokea mauaji ya kimbari. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ikakaa katika majumba hayo hadi 2015. Agosti 2000 Warundi nao walitia sahihi yao Arusha. Mpatanishi wao alikuwa Mwalimu Nyerere, na alipofariki, Nelson Mandela.

Chama kiitwacho ICCA huhesabu mikutano ya kila mji. Huhesabu ile tu inayorudiwa, inayozunguka nchi tatu au zaidi, na yenye wajumbe wasiopungua 50. Kwa hesabu hiyo Paris na Vienna mara nyingi huwa mbele. Lakini mapatano ya Burundi hayaingii humo. Basi mkisikia mji fulani una mikutano mingi, ulizeni pia: Kuliamuliwa nini, na nani aliguswa?

Maswali
1. Majumba ya Jumuiya yalitumiwaje baada ya 1977?
2. Mkutano gani umegusa maisha ya kijiji chako?