Besi Haikuletwa Kusumbua Jirani

Wasee, 1974 filamu ya Earthquake ilitoka Marekani na Sensurround, mtambo wa spika kubwa za besi za kukutetemesha kitini. Pale Grauman's Chinese Theatre, Hollywood, ilibidi watundike wavu chini ya dari, plasta isiangukie watazamaji. Lakini besi yenyewe ilingoja tetemeko lifike kwa stori. Ndio maana ilishtua.

1992 Batman Returns ikaingiza Dolby Digital kwa kumbi za sinema. Ile ".1" ya 5.1 ni njia ya besi pekee.

Sisi je? Tunasukuma wufa kwa kona, tunafungulia besi mwisho, halafu maneno hayasikiki. Kona huongeza besi yenyewe! Isogeze, punguza, sikiliza ukiwa pale unapokaa. Besi ya kila saa haishtui mtu, inachosha ploti nzima.