Mzigo wa Mwenzio

Msomaji, ukipata nafasi asubuhi moja, simama pale Donholm, mahali Barabara ya Jogoo inapokutana na Barabara ya Outer Ring, uyatazame magari yapitayo. Mahali hapo zamani palikuwa shamba la mlowezi wa Kiskoti, James Kerr Watson, naye aliliita Doonholm. Barabara iliyotoka mjini kwenda huko nayo ikachukua jina hilo, hata baada ya uhuru ikaitwa Jogoo. Leo hapana shamba tena. Pana nyumba, maduka, matatu, na malori makubwa yenye magurudumu yasiyohesabika upesi. Ubavuni mwa magari ya mizigo utaona maandishi madogo ya uzito. Wapita njia wengi hawayasomi. Lakini nyuma ya maandishi hayo iko historia ndefu, na swali lake ni moja: ni nani anayejua kipimo cha mzigo, yule anayeupakia au yule anayeuchukua?

Hebu tuanze na wakati ambapo mchukuzi alikuwa ni mwanadamu. Kabla ya reli, bidhaa karibu zote zilizotoka pwani kwenda bara zilikwenda kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Mzigo wa mtu mmoja aghalabu ulikuwa frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, au kilo 32. Kipimo hicho hakikutoka kitabuni. Kilitokana na miaka mingi ya safari, kwa maana kila mkuu wa msafara alijua kwamba mpagazi aliyezidishiwa mzigo leo hatafika kesho, na mzigo wake utabaki njiani. Basi hata tajiri asiyekuwa na huruma alilazimika kuuheshimu mwili wa mchukuzi wake, kwa sababu ya faida yake mwenyewe.

Lakini mara tu mwenye mzigo alipoacha kuona hasara katika kifo cha mchukuzi, kipimo kilipotea. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza walikusanya watu wengi wa Afrika ya Mashariki, aghalabu kwa nguvu, wawabebee askari wao chakula na risasi hata katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa njaa, maradhi na uchovu. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilitamkwa na wenyeji kwa namna yao, na mpaka leo liko Nairobi: ni Kariokor. Upitapo Kariokor, msomaji, kumbuka kuwa jina lile ni kumbukumbu ya wachukuzi ambao hapakuwa na mtu wa kuwauliza, “Je, mzigo huu unakutosha?”

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ukingoni mwa Ziwa Viktoria mwaka 1901, ilianza kuwaondolea wapagazi mizigo ya safari ndefu. Baadaye yakaja malori. Watu wakadhani kwamba sasa shida ya mchukuzi imekwisha, kwa kuwa chuma hakilii. Hilo ni kosa, nami nitakueleza sababu yake.

Mwaka 1914, katika mji wa Detroit huko Marekani, tajiri mmoja wa mbao alitaka kuipeleka mashua yake ziwani kwa gari lake dogo la Ford. Akamwendea mhunzi aliyeitwa August Fruehauf, naye akamtengenezea kigari cha kufungwa nyuma ya lile gari. Tajiri akaona faida yake, akaagiza vingine vya kuchukulia mbao. Namna hiyo ikaanza kazi kubwa ya matrela. Katika trela za namna hii, upande wa nyuma una magurudumu yake, lakini upande wa mbele hauna. Umelala juu ya mgongo wa gari linalovuta. Mahali pa kuungana pana sahani nene ya chuma inayoshika pini ya trela na kuiacha igeuke penye kona. Sahani hiyo huitwa gurudumu la tano, ingawa haigusi barabara kamwe. Jina hilo limerithiwa kutoka magari ya farasi, ambayo yalikuwa na duara la chuma, mfano wa gurudumu lililolazwa, juu ya ekseli ya mbele.

Sasa fahamu jambo hili vizuri, maana ndipo wengi wanapokosea. Gari lenye gurudumu la tano lina kazi mbili kwa pamoja: linavuta, na linabeba. Kuvuta ni kazi ya injini. Kubeba ni kazi ya springi, ekseli na matairi. Huko Marekani ziko familia zinazosafiri na nyumba za magurudumu zilizofungwa hivyo juu ya pikapu. Kwa kawaida kati ya sehemu 15 na 25 katika kila sehemu 100 za uzito wa nyumba hiyo hulala juu ya pikapu. Tuseme nyumba ina kilo 5,000, na mwenye gari amesoma kwamba gari lake laweza kuvuta kilo 6,000. Hufurahi akaondoka. Lakini sehemu ya tano ya uzito ule, yaani kilo 1,000, imeelemea mgongo wa gari, na pengine mgongo huo uliumbwa kubeba kilo 900 tu, pamoja na dereva, mkewe, watoto na masanduku yao. Injini haitalalamika. Breki na matairi ndiyo yatakayolalamika, tena penye mteremko.

Huna haja ya kwenda Marekani kuliona jambo hili. Siku moja, katika mtaa wetu wa Donholm, nilimtazama kijana wa mkokoteni aliyepewa magunia ya viazi. Wenye magunia walipakia wenyewe kwa haraka, wakayarundika nyuma ya ekseli. Kijana aliposhika mhimili ili aondoke, mkokoteni uliinama nyuma, mhimili ukapaa juu, naye akaning’inia hewani, miguu ikitafuta ardhi. Watu wakacheka sana. Yeye hakucheka. Aliposhuka aliyapanga magunia upya, moja baada ya moja: machache mbele ya ekseli, mengine juu yake, hata mhimili ukamwelemea mikononi kidogo tu, basi akaondoka. Uzito wa viazi haukubadilika hata ratili moja. Kilichobadilika ni mahali ulipokaa. Kijana yule aliijua kwa mikono yake elimu ambayo wahandisi huiandika kwa hesabu, na waliocheka ndio hao hao waliopakia vibaya.

Sheria nayo ilijifunza elimu hiyo polepole. Sheria ya Usalama Barabarani ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1954, ilikataza gari kupita barabarani na mzigo unaozidi ule uliotajwa na mtengenezaji wa chesisi, au ule uliokadiriwa na mkaguzi. Maana yake ni kwamba aliyeliumba gari ndiye anayejua nguvu zake, wala si mwenye mzigo. Mwaka 2013 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikatunga sheria moja kwa nchi zake zote. Kwa sheria hiyo gari lolote na trela yake na mzigo wake havipaswi kuzidi tani 56. Lakini sheria haikuishia katika jumla hiyo. Ekseli ya mbele ya kuongozea imepewa tani 8. Ekseli mbili zilizofuatana, zenye matairi manne kila moja, tani 18. Ekseli tatu za trela za namna hiyo hiyo, tani 24. Jumlisha, msomaji: 8 na 18 na 24 ni 50. Basi lori la ekseli sita la namna hiyo laruhusiwa tani 50. Hata hivyo, lori lenye tani 49 laweza kuwa na kosa, ikiwa mzigo umerundikwa mbele hata ekseli zilizo chini ya gurudumu la tano zimebeba tani 21. Ni mkokoteni wa Donholm, umekuzwa tu.

Kwa nini kuhangaika kwa tani 3? Kati ya mwaka 1958 na 1960, katika jimbo la Illinois, kwenye barabara za majaribio za Wamarekani, askari wa jeshi waliendesha malori mzunguko baada ya mzunguko, wataalamu wakipima jinsi lami inavyopasuka. Ikaonekana kwamba uharibifu hauongezeki sawa na uzito. Ekseli ikibeba uzito mara 2, huiumiza barabara kama mara 16. Na zile ekseli zilizobeba tani 21 badala ya 18 huiumiza karibu mara 2 ya kadiri iliyokusudiwa. Mwenye mzigo anapata faida ya tani 3; barabara, ambayo ni mali ya wote, inapata chini ya ekseli hizo karibu mara 2 ya maumivu iliyokusudiwa katika kila safari kama hiyo. Mashimo tunayoyalaumu wakati wa mvua aghalabu yalianza kuchimbwa wakati wa kiangazi, na magurudumu yaliyopita usiku.

Ndiyo sababu ya mizani zilizowekwa Mariakani, Gilgil, Webuye na kwingineko. Mji wa Mlolongo, usio mbali sana na Donholm, husemekana ulipata jina lake kutokana na mlolongo wa malori yaliyongoja kupimwa hapo. Madereva waliichukia foleni ile, na ni kweli kwamba kungoja ni gharama. Lakini tazama: dereva huyo ndiye mpagazi wa zama zetu. Mara nyingi mzigo si wake, wala lori si lake. Anaambiwa apakie na aende. Breki zikichoka penye mteremko wa Salgaa, aliyeagiza mzigo yuko ofisini kwake salama, na anayeshuka na chuma kile ni dereva, tanboi wake, na abiria wa matatu waliokuwa mbele yao wasio na habari. Namba inayosomwa kwenye mizani ndiyo sauti ya pekee inayomwambia mwenye mzigo jambo ambalo mchukuzi hana ruhusa ya kusema.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni mwepesi, na kila mzigo ni mwepesi kwa asiyeubeba. Mpagazi wa vita alielemewa kwa sababu hapakuwa na mizani kati yake na aliyemtuma. Siku moja nanyi wanafunzi mtakuwa wafanyabiashara, wahandisi, makarani wa mizani au wenye malori. Siku hiyo msiulize tu mzigo una tani ngapi. Ulizeni pia umekaa juu ya nani.