Keria, Farumi na Mrama

Stendi ya Ilembula, Noah ya kwenda Makambako imeshajaa watu, konda anamgeukia mama mwenye gunia: "Mama, hilo keria." Si swali. Vijana wawili wanalinyanyua, wa tatu yuko juu anapokea.

Neno hilo hunisumbua. Keria wengi tulilijulia kwenye baiskeli. Huko iko nyuma ya tandiko, chini ya kiuno cha mwendeshaji, na hubeba chochote: mkaa, kreti za soda, mchumba. Jina lilipohamia kwenye gari lilipanda juu ya vichwa vya abiria, na sifa ya kubeba chochote likaja nayo. Hapo ndipo lilipotuponza. Paa la gari dogo kwa kawaida huvumilia kilo 50 hadi 100 hivi, na uzito wa keria yenyewe umo humo. Kitabu cha gari kinasema, ila wengi tumenunua gari bila kitabu.

Sasa leta lumbesa, kile kilemba cha viazi kinachovimba juu ya mdomo wa gunia na kushonewa kamba. Wakala wa Vipimo wanakipiga vita kwa sababu gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Wao wanamtetea mkulima anayepunjwa. Paa la Noah halina wa kulitetea, na gunia moja tu la lumbesa linatosha kulielemea.

Mabaharia wa mwambao walikuwa na msamiati wa mahali pa kuweka uzito. Tumbo la chini la chombo waliliita ngama. Jahazi lisipokuwa na shehena walilitia humo mawe au mchanga, farumi, lipate kutulia majini. Na kule kuyumba kwa chombo huku na huku ndiko mrama. Siku hizi biashara inakwenda mrama, ndoa inakwenda mrama, chombo tumekisahau. Lakini Noah yenye magunia manne juu, ikikata kona, inakwenda mrama kwa maana ile ile ya zamani: uzito umepanda, gari linalala ubavu. Ikikaribia Makambako, kwenye upepo uliowavutia hata wenye miradi ya umeme, turubai lililofungwa ovyo linakuwa tanga. Kamba za tyubu nazo zinanyumbuka tu na mzigo.

Niliwahi kufikiria keria ya gari tuiite uchaga, kama ule wa kuwekea nafaka. Nimeacha, nani stendini atasema uchaga? Keria ibaki, ibebe magodoro, matenga matupu na mikeka. Ninalotaka kulipandisha kutoka pwani ni farumi. Ukifika stendi na gunia la mahindi, mwambie konda: kaka, hili ni farumi, liweke chini, karibu na viti. Akikushangaa, mweleze njiani.