Mvuto wa Magurudumu Yote: Istilahi ya Gari la Masika

Gari la magurudumu manne ni gari gani? Ukiondoa bajaji na malori makubwa, jibu ni kila gari. Vitz inayozunguka Ngamiani, Tanga, ina magurudumu manne sawasawa na Land Cruiser inayopanda Amani wakati wa masika. Hata hivyo, ukitafsiri kavukavu kile ambacho madereva na mafundi hukiita fowili, hapo ndipo utakapoangukia. Mtaani hakuna anayepotea, maana fowili inajulikana, na herufi 4WD au AWD zimebandikwa nyuma ya gari kila mtu azione. Anayepotea ni mwandishi wa habari, mwalimu wa chuo cha ufundi, mtafsiri wa kitabu cha gari, na zaidi yao mzazi anayetafuta gari la kuipakia familia nzima kwenda nyumbani Mlalo au Bumbuli, akatajiwa neno lisilomweleza anachokinunua.

Tuanze na kitu chenyewe. Injini huzungusha giaboksi, giaboksi hupeleka nguvu kwenye difu, na difu huzigawa kwa gurudumu la kushoto na la kulia. Difu ipo kwa sababu gari likikata kona gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani; yangefungwa pamoja, moja lingeburuzwa. Katika magari mengi madogo kazi yote hiyo huishia mbele, na magurudumu ya nyuma hufuata tu. Katika Hiace na pikapu nyingi nguvu hupita kwenye propela, ule mhimili mrefu chini ya bodi, hadi difu ya nyuma. Fowili ina difu mbele na nyuma, na nguvu hufika kote. Kinachohesabiwa basi ni magurudumu yanayopewa nguvu na injini, wala si magurudumu yaliyopo.

Mafundi walikwisha kuliona hilo zamani, na wana kitenzi chake. Mpelekee gari fundi yeyote wa Tanga, atakwambia, “Hii inavuta mbele,” au, “Ile inasukuma nyuma.” Humo ndimo istilahi ilimo: mvuto wa mbele, mvuto wa nyuma, mvuto wa magurudumu yote. Yapo maneno mengine yanayoweza kushindania nafasi. “Uendeshaji wa magurudumu manne” unasikika kama kazi ya dereva, kwa kuwa anayeendesha gari ni mtu. “Kiendeshi” kimekwisha kuchukuliwa na watu wa kompyuta. “Msukumo” unafaa magurudumu ya nyuma peke yake. “Mvuto” nao una kasoro: gari likiwa limechoka injini watu husema halivuti, na mvuto pia ni sifa ya mtu wa haiba. Lakini ukiutaja pamoja na magurudumu, hakuna atakayefikiri unamsifu mtu kwa sura yake.

“Yote” pia ni bora kuliko “manne”. Lori la jeshi lenye magurudumu sita yanayopewa nguvu yote sita linaingia humohumo bila kubadilisha neno. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, ndilo lenye kazi ya kusanifu istilahi, lakini istilahi zinazodumu ni zile zilizokwisha kuishi gereji kabla ya kufika kwenye meza ya kikao. Hii ni mojawapo.

Neno la pili linalohitajika ni mshiko. Mvuto hutoka kwenye injini. Mshiko hutoka kwenye tairi linapogusana na ardhi. Wavuvi wawili wakisukuma ngalawa kwenye mchanga mlaini, miguu yao hutitia na chombo hakisogei. Wakiwa wanne, kila mmoja anasukuma kidogo asiteleze, na ngalawa inapanda. Ndivyo mvuto wa magurudumu yote unavyosaidia: kazi iliyokuwa ya matairi mawili inagawiwa manne, kila moja likabaki ndani ya mshiko wake. Mlimani faida huzidi. Gari likiwa limejaa watu na mizigo, uzito hulalia nyuma, magurudumu ya mbele yakawa mepesi. Gari la mvuto wa mbele hapo huzungusha matairi pale pale, likirusha tope.

Kwenye kushuka hesabu inabadilika. Kila gari, liwe fowili au lisiwe, lina breki kwenye magurudumu yote manne. Kwa hiyo katika kusimama mvuto haukuongezei kitu; utakachotegemea ni mshiko wa tairi. Wanaoishi kwenye theluji wanalijua hili: gari la mvuto wa mbele lenye matairi ya baridi husimama mapema kuliko fowili yenye matairi ya kiangazi. Mtanzania aliyehamia Minneapolis au Helsinki anayenunua gari kubwa la mvuto wa magurudumu yote, akabana pesa ya matairi, amenunua uwezo wa kuondoka tu. Anayeshuka kutoka Lushoto kwenda Mombo kwenye mvua na matairi yaliyolika yuko katika hali hiyohiyo.

Theluji imeingia katika habari ya Tanga kwa sababu magari mengi ya familia yanayopanda milima ya Usambara yalitengenezwa kwa ajili yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la umeme la Tohoku, kaskazini mwa Japani, lilikuwa likikagua nyaya zake za milimani kwa magari aina ya Jeep, yenye baridi kali ndani na mwendo wa kuchosha. Likaomba gari la kawaida, la kukalika, litakalopita kwenye theluji. Wauzaji wa Subaru wa mkoa wa Miyagi wakachukua gari dogo la mvuto wa mbele, wakalitilia propela na difu ya nyuma. Gari hilo lilionyeshwa Tokyo mwaka 1971, na mwaka uliofuata Subaru wakaanza kuuza Leone ya aina hiyo. Mpaka wakati huo fowili kwa watu wengi ilikuwa chombo cha shamba na jeshi, kama Jeep ya vita vya 1941 au Land Rover ya 1948. Kuanzia hapo ikaanza kuwa gari la familia.

Toyota Noah ilizaliwa katika soko hilo. Ya kwanza ilitoka mwaka 1996, ya pili mwaka 2001, na zote mbili ziliuzwa kwa aina mbili: ya mvuto wa magurudumu mawili na ya mvuto wa yote. Aina ya pili ilikuwa na kazi yake Hokkaido, Aomori na Niigata, kunakoanguka theluji nyingi. Gari likizeeka huko hupelekwa mnadani, likapakiwa melini, likateremshwa Dar es Salaam. Tanzania hulipokea hata likiwa na miaka mingi, ila huongeza ushuru wa uchakavu. Kenya hailipokei likivuka miaka 8. Kutoka Dar es Salaam ndipo linapofika kwenye udongo mwekundu wa Usambara, ambao ukilowa huwa na utelezi juu na ugumu chini, tabia ileile ya theluji iliyoshindiliwa. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na barabara inayopanda huko kutoka Muheza haitanii wakati wa masika.

Sasa, fowili si moja. Kuna aina tatu za mvuto, na mnunuzi asiyezitofautisha anaweza kulipia asichokihitaji.

Ya kwanza ni mvuto wa kuwasha. Kwa kawaida gari husukuma nyuma. Ukifika kwenye tope unaongeza mbele mwenyewe. Waliowahi kuendesha Landrova za zamani wanaukumbuka wenzo wa njano, unaoubonyeza chini kuamsha magurudumu ya mbele, na wenzo mwekundu wa kuingiza gia nzito ya kupandia taratibu. Kwenye pikapu nyingi na Land Cruiser zile ziitwazo mkonga, kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda ubavuni mwa kioo, dereva alilazimika pia kushuka kwenye tope, akainama kila upande wa mbele na kuzungusha kwa mkono kitufe cha gurudumu kutoka neno FREE hadi LOCK. Aina hii ni imara, lakini haina difu ya katikati. Ukiisahau imewashwa kwenye lami kavu, mbele na nyuma hugombana kwenye kila kona, usukani ukawa mzito na vyuma vikalika. Ni kosa linalofanyika sana kwenye njia ya Segera hadi Tanga na watu waliotoka kwenye tope wakasahau kuzima.

Ya pili ni mvuto wa kudumu. Magurudumu yote hupewa nguvu muda wote, na difu ya katikati huruhusu mbele na nyuma kupishana kwenye kona. Land Cruiser ya 80 na Prado nyingi ni za aina hii, tena zina gia nzito. Zinapita pabaya na zinakaa vizuri kwenye lami, ila mafuta zinakunywa, na bei yake si ya kila mfuko.

Ya tatu ni mvuto wa kujiwasha. Gari huvuta mbele kama gari dogo. Tairi la mbele likianza kuteleza, nguvu nyingine hupelekwa nyuma bila dereva kufanya lolote. Katika magari ya zamani kazi hiyo hufanywa na kaplingi yenye sahani nyembamba na mafuta mazito ya silikoni: upande mmoja ukizunguka kasi kuliko mwingine, mafuta hukaza na kuuburuta wa pili. Katika mapya kompyuta husoma mwendo wa kila gurudumu na kuibana kaplingi kwa sumaku ya umeme. Nissan X-Trail iliyotoka mwaka 2000 ina swichi yake karibu na redio: 2WD, AUTO na LOCK. Aina hii haina gia nzito, na kaplingi ikifanya kazi mfululizo kwenye tope refu huchemka, ikajizima ili isiungue. Inatosha kwa kipande kibaya cha kilomita chache, haitoshi kwa kazi ya kuvuta magogo.

Kati ya magari ya familia, Noah huchaguliwa kwa nafasi kuliko nguvu. Inabeba watu wanane, viti vya nyuma kabisa hukunjwa pembeni, na pale wanapokaa watoto pakaingia mikungu ya ndizi na gunia la viazi vya Lushoto. X-Trail iko juu zaidi kutoka ardhini, lakini inaishia watu watano. Familia yenye bibi na wajukuu haiwezi kuukwepa uamuzi huo.

Ukishachagua, usiridhike na herufi zilizobandikwa nyuma, kwa sababu kibandiko huuzwa dukani. Soma namba ya chasisi. Noah ya kwanza ikianza na SR40 ni ya mvuto wa nyuma. SR50 ni ya magurudumu yote. Noah ya 2001 ikiwa AZR60 inavuta mbele. AZR65 inavuta yote. Alphard ya ANH10 na ANH15 hufuata njia hiyohiyo, na Ipsum ya kwanza vilevile, SXM10 na SXM15. Dalali akikwambia, “Bosi, hii fowili kabisa,” na namba ya chasisi haikubaliani naye, mshukuru na uondoke.

Kisha lala chini uchungulie. Propela ipo? Kuna wanaoshauriwa kuitoa ili gari lile mafuta kidogo, na gari likabaki fowili kwa jina na uzito wake wote. Angalia pia kutu. Japani hunyunyizia chumvi barabara za theluji ili barafu iyeyuke, nayo huingia kwenye maungio ya chasisi na mabomba ya breki. Gari lililoshinda miaka kumi kwenye chumvi hiyo, likaja kuishi kwenye upepo wa bahari wa Raskazone, kutu yake hailali. Rangi ya juu inaweza kung'aa huku chini kumeliwa.

Mwisho matairi. Mengi huja na matairi ya theluji yaliyoandikwa STUDLESS ubavuni. Ukiyatazama kwa karibu utaona kila kifundo cha mpira kimechanjwa michirizi myembamba kama nywele. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi. Kwenye lami ya Tanga yenye joto huyumba na kulika upesi. Yabadilishe, tena yote manne kwa pamoja na ya saizi moja. Desturi ya kununua matairi mawili mapya na kuyaacha mawili yaliyolika haina madhara makubwa kwa gari la mvuto wa mbele, lakini kwa mvuto wa kujiwasha tofauti hiyo ya kimo huidanganya kaplingi idhani gari linateleza, ikafanya kazi mchana kutwa mpaka ife.

Mkazi wa Chumbageni anayekwenda kazini kwa lami na Lushoto mjini mara moja kwa mwaka hahitaji fowili yoyote, kwa kuwa lami inafika Lushoto. Gari la mvuto wa mbele na matairi mazuri litamfikisha, na pesa ya mafuta itabaki. Mwenye kupanda Amani au Mlalo kila mwezi na familia nyuma atafaidika na mvuto wa kujiwasha. Mwenye shamba ndani kabisa, anayebeba mazao katikati ya masika, anunue la kuwasha au la kudumu lenye gia nzito, akubali gharama yake. Wenye magari wanaotangaza biashara zao kwa Kiswahili wangeandika aina ya mvuto kwenye kila tangazo, pamoja na namba ya chasisi, mnunuzi angejua anacholipia kabla ya kutoa nauli ya kwenda kulitazama gari.