Maneno ya Uchukuzi Handeni na Korogwe

Mfanyabiashara ahamishaye duka lake kutoka Handeni kwenda Korogwe hukutana na maneno yaliyokuja kwa njia na nyakati mbalimbali. Asiyeyapambanua huweza kulipa mara mbili.

Neno la kale la misafara ni mpagazi. Latokana na kupagaa, yaani kuchukua mzigo mabegani. Na kitenzi hicho ndicho kisemwacho pia juu ya pepo ampandaye mtu. Mpagazi alipatana kwa safari, akapewa na posho. Hamali, neno la Kiarabu, ni mtu wa mjini na bandarini: hulipwa kwa kupakia na kupakua. Kuli, neno lililotoka Bara Hindi, lamtaja mtu wa kazi iyo hiyo.

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, kisha ikaelekea Mombo na Moshi. Mji wa Handeni haikuupitia. Basi mzigo wa Korogwe ulipata behewa, na wa Handeni ukangoja malori. Hapo nauli, ambayo asili yake ni malipo ya chombo cha baharini, ikapanda nchi kavu. Nayo ni malipo ya safari, si ya mikono.

Kwa hiyo mwenye duka atajiwapo nauli, yafaa aulize kama ujira wa hamali umo. Zama za mpagazi swali hili halikuwa na maana, kwani safari na mikono vilikuwa vya mtu mmoja. Chombo kilivitenga pwani. Reli na lori zikavitenga bara, na maneno yakafuata.