Nywele kavu

Nywele kavu ni nywele zilizopungukiwa na unyevu na mafuta, zikawa ngumu, zisizong'aa na rahisi kukatika. Unywele unaoonekana hauna uhai: ni keratini, aina ya protini, iliyofunikwa na magamba membamba. Magamba hayo yakibanduka, maji hupotea upesi. Hakuna dawa inayoziba kabisa ncha iliyopasuka, hata lebo ya chupa ikiahidi hivyo; ncha hiyo hukatwa.

Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe. Kwenye nywele zilizonyooka hushuka hadi nchani, lakini kwenye nywele za kipilipili hukwama katika mizingo. Dawa za kulainisha nywele, rangi, pasi ya moto na maji ya chumvi huzidisha ukavu.

Mafuta peke yake hayaongezi maji. Hupakwa juu ya nywele mbichi ili unyevu usitoroke, na hapo ndipo wengi hukosea, wakipaka juu ya nywele zilizokauka. Mafuta ya nazi, yaliyozoeleka tangu zamani katika pwani ya Afrika Mashariki, yana asidi ya lauriki inayopenya ndani ya unywele. Yakipakwa kabla ya kuosha hupunguza upotevu wa protini. Mafuta ya mgando hubaki juu tu. Kondishena hulaza magamba, na chanuo la meno mapana huanzia nchani kuelekea kichwani.

Ukavu wa ghafla unaoambatana na uchovu, kuhisi baridi na kunenepa huenda ukatokana na udhaifu wa tezi ya thairoidi, ambao hupimwa kwa damu hospitalini.